Siku Bibi Aliyokosa Kliniki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yusra alimvalisha bibi yake viatu. Bibi Hamisa hakuweza kuinama. Mgongo wake ulikuwa umepinda, na mwaka uliopita alivunjika ubavu kwa kunyanyua ndoo tu. Daktari alieleza kwamba mifupa yake imekuwa dhaifu na huvunjika upesi.

Pale Mkata, wazee wenye tatizo hilo walikuwa na kliniki yao kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Nesi Fausta aliwapa dawa na kuwafundisha mazoezi. Yusra, mwanafunzi wa darasa la sita, alipewa ruhusa shuleni ili amsindikize bibi yake. Yeye pia ndiye aliyemsomea kadi ya kliniki, maana bibi hakujua kusoma.

Mwezi huo, Alhamisi hiyo ilikuwa pia siku ya fainali ya mpira wa pete, na Yusra alikuwa katika timu ya shule. Jumatano jioni, Yusra akichambua mchicha, alisema bila kuinua macho, "Bibi, kliniki ya kesho imeahirishwa mpaka mwezi ujao."

"Haya. Basi ngoja nimpigie mwenzangu wa kliniki, Siamanta, asije akahangaika kutoka kule bomani kwa wafugaji."

Yusra alitaka kumzuia, lakini aliendelea kuchambua mchicha. Kesho yake timu yao ilishinda.

Jumatano iliyofuata, Bibi Siamanta alikuja kuwatembelea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa hogo jeupe, plasta ngumu ya kuunga mfupa, kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko.

"Shikamoo, bibi," Yusra alisalimu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Niliteleza zizini Jumapili. Fimbo yangu ya zamani ilikatika. Nilikuwa nasubiri kupewa mpya siku ile ya kliniki, ndiyo hivyo ikaahirishwa." Akatoa kibuyu cha maziwa. "Chukua. Asante kwa kutupa habari, usingesema ningetembea bure."

Yusra alikipokea kibuyu. Uso ulimwaka moto. Alitamani Bibi Siamanta amtukane.

"Kliniki ilikuwepo," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidanganya. Nilitaka kucheza mechi."

Bibi Hamisa alijifunika mdomo kwa khanga. "Na mimi ndiye niliyekupigia simu," alisema. Yusra hakuwahi kumwona bibi yake akiona aibu mbele ya mgeni, tena kwa kosa lisilo lake. Alilia.

Bibi Siamanta aliutazama mkono wake. "Ungesema tu una mechi, mtoto. Mwanangu Meshaki ana bajaji. Angetupeleka sote wawili."

Kesho yake asubuhi Yusra alikwenda mwenyewe kwa Nesi Fausta, akamweleza yote. Nesi alifungua daftari la kliniki. Mbele ya majina mawili palikuwa patupu.

"Nilidhani wamechoka kuja," alisema Nesi. "Nami nimekosea, sikuwauliza. Kazi hii hatukupaswa kumwachia mtoto peke yake."

Siku hiyohiyo aliwatumia wazee wale dawa zao, na Bibi Siamanta akapelekewa fimbo yenye mpira chini. Kisha Nesi akapanga utaratibu mpya. Siku mbili kabla ya kliniki, kituo kingempigia simu kila mgonjwa. Wanaoishi njia moja wangekuja pamoja, na asiyefika angeulizwa siku hiyohiyo. Yusra alisaidia kuandika namba za simu za majirani.

Kliniki iliyofuata, bajaji ya Meshaki iliwaleta wote. Hogo lilikuwa limeondolewa, lakini mkono wa Bibi Siamanta ulikuwa umekonda. Yusra alishindwa kuutazama. Nesi Fausta akamwita pembeni.

"Kupenda mchezo si kosa, Yusra. Kosa ni kuwaficha watu jambo linalohusu afya yao. Uongo uliomwambia mtu mmoja ulimfikia mwingine usiyemkusudia. Ukiona huwezi kazi uliyopewa, sema mapema, tutatafuta msaada. Umeelewa?"

"Nimeelewa, nesi."

"Basi nenda kamshike mkono Bibi Siamanta. Anaanza mazoezi."