Ulimi wa Kokushubira

Kokushubira alibana kionjeshi kwenye kaakaa, akachota kijiko cha uji mweupe wa mwani, na uji ule ukageuka senene, panzi wa kwao, wa kukaanga. Aliwasikia wakivunjika menoni, mafuta yao yakitambaa ulimini, chumvi ikifuata nyuma. Uji wenyewe ulikuwa uleule, laini kama gundi. Lakini kile kidude chembamba kama ukucha kilituma mikondo midogo ya umeme kwenye neva za ladha, na ubongo ukaamini.

Katika mji ule uliochimbwa chini ya uso wa Mwezi hapakuota mgomba wala kuruka senene. Watu walilishwa mwani uliokuzwa kwenye matangi. Kokushubira, mhandisi wa mitambo ya hewa, alikuwa ametoka Kamachumu, huko Duniani, na mwaka wake wa kwanza ulimkondesha hata sare ikamning'inia. Kampuni iliyomwajiri ilipoleta vionjeshi, hakusita. Alilazwa kwenye kiti, akaambiwa akumbuke mapishi ya mama yake, na mashine ikainakili kumbukumbu ile.

Odongo, mwenzake wa zamu, hakukitaka kidude hicho. Alikula uji mtupu, uso kaukunja.

"Unajitesa bure," Kokushubira alimwambia.

"Angalau najua ninachokula, dada. Samaki wa kwetu nimemkosa, basi nimemkosa. Wewe umepandisha kipimo cha umeme tena?"

Alikuwa amepandisha. Ulimi ulizoea upesi. Kilichokuwa kitamu jana, leo kilikuwa kama maji. Mkataba ulipokwisha, Kokushubira alikuwa kwenye kipimo cha juu kabisa, na hakuona ubaya wake. Alikuwa amerudisha mwili, na alikuwa ameacha kulia. Siku ya kuondoka kampuni ilichukua kionjeshi chake, naye akakitoa bila kinyongo. Nakala ya nini, na anamwendea mpishi mwenyewe?

Mama yake, Kemilembe, alimpokea kwa ndizi na maharage vilivyomwagiwa samli, na sahani ya senene aliowatunza tangu mvua za vuli. Jirani hakuruhusiwa hata kuonja.

Kokushubira akatia senene mdomoni, akatafuna. Ilikuwa kama kutafuna majani makavu. Akajaribu ndizi, akahisi joto na ulaini, basi. Akameza, akaongeza, akijiambia kwamba ni uchovu wa safari.

"Vipi?" mama aliuliza.

"Tamu, Mama. Nilikuwa na hamu nazo."

Mama alimtazama anavyotafuna.

Daktari wa Bukoba alimpima, akamweleza taratibu. Neva zikizoeshwa umeme mkali, alisema, chakula cha kawaida haziwezi tena kukisikia. Wa vipimo vya chini hupona. "Wa kipimo chako," aliongeza, "bado sijamwona aliyepona."

Nyumbani alimficha mama habari hiyo. Jumapili mama akapika tena, akampakulia sahani ya kujaa. Kokushubira alikula yote, akalamba na vidole.

"Mkono wako haujabadilika, Mama."

Kemilembe hakuwa amegusa sahani yake. "Hizo ni ndizi za kutengenezea pombe ya rubisi, Koku. Ni chungu, na sikutia hata chumvi. Mtoto mdogo angezitema."

Kokushubira aliinamisha uso.

"Tangu siku uliyofika nakuona unameza kama mtu anayemeza dawa. Wamekufanya nini huko?"

Ikabidi aseme. Alieleza habari ya mwani, ya kionjeshi na vipimo, na ya kile kiti alicholazwa akumbuke jiko hili. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo ulikuwa unakula chakula changu," alisema, "na mimi nipo hapa nakuombea usife njaa."

"Ndiyo, Mama."

"Na daktari umemwona? Anasemaje?"

"Wa kipimo changu, Mama, bado hajamwona aliyepona."

Kemilembe aliitazama sahani tupu ya mwanawe. "Sasa nitakupikia nini?"

Akaivuta karibu ile sahani yake ya ndizi chungu, akaanza kula. Kokushubira alinyoosha mkono kumzuia. Mama akausukuma pembeni, akaendelea, tonge baada ya tonge, machozi yakimtoka.