Kamera Iliyonyimwa Usingizi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kiherehere alimsaidia mama yake kumwagilia miche. Mama aliiotesha kwenye trei nyuma ya nyumba, kisha akaiuza sokoni. Jina la Kiherehere alibandikwa na kaka yake, fundi simu, kwa kuwa hakujua kutulia. Chai alikunywa amesimama. Viatu alivaa akitembea.

Asubuhi hiyo walikuta miche ya nyanya imeng'olewa tena na kutupwa huku na huku.

"Ni kuku wako huyo," mama alifoka. "Jumamosi namuuza."

"Mama, si yeye! Kwani umemwona?"

"Nani mwingine anayechakura hapa? Wewe?"

Kuku huyo mweupe, Kiherehere mwenyewe ndiye aliyemlea tangu akiwa kifaranga. Kiherehere alimkimbilia kaka yake, machozi yakimlengalenga.

Kaka alikuwa na kamera kuukuu ya dijitali, ambayo aliiandikia programu yake mwenyewe. Ilipiga picha kila baada ya dakika tano bila kuguswa. Aliifunga kwenye dirisha la jikoni, ikitazama trei.

"Ikishapiga picha, inalala," alieleza. "Usiiguse."

Inalala? Neno hilo lilimkera Kiherehere. Katika nyumba yao, kuitwa mlalaji kulikuwa ni tusi. Mwizi akija je, mlinzi amelala? Kaka alipoondoka, alifungua menyu. Palikuwa na maneno mawili: LALA na KESHA. Akabonyeza KESHA, akaenda shule akijipongeza.

Aliporudi, miche mingine ilikuwa chini na kamera imezima kabisa. Picha ya mwisho ilipigwa asubuhi. Kaka akaichaji. Kesho yake ikawa vilevile.

"Betri lako bovu!" Kiherehere alilalamika.

"Betri ni zima, nimelipima. Umegusa kitu?"

"Mimi?"

"Hapana, namuuliza kuku."

Kiherehere alitaka kukana, lakini Jumamosi ilikuwa inakaribia. "Niliweka KESHA," alisema kwa sauti ndogo. "Mlinzi halali, kaka."

Kaka alicheka hadi akashika ukuta. "KESHA niliiweka kwa ajili ya majaribio. Kioo kinabaki kinawaka muda wote, na kioo ndicho kinachomaliza chaji. Kwenye LALA kioo kinazimika, lakini saa ya ndani inaendelea kuhesabu. Wakati ukifika, inaamka yenyewe."

"Kwa hiyo haikuwa na uvivu?"

"Ilikuwa inajitunza. Wewe ndiwe uliyeikesheza bure." Akairudisha kwenye LALA na kuichaji tena.

Ijumaa, Kiherehere hakukalika darasani. Mwalimu alimwuliza mara mbili kama amekalia siafu. Kengele ya mwisho ilipolia, alitoka mbio hadi nyumbani.

Kamera ilikuwa bado ina chaji! Mama na kaka waliinama karibu naye, wakapitia picha moja baada ya nyingine. Trei pekee. Kuku amejikunja kivulini. Trei pekee tena. Kisha, mchana, kunguru alionekana amesimama katikati ya trei, mche wa nyanya mdomoni.

"Ala!" mama alishangaa. "Kumbe mwizi wetu amevaa koti jeusi na shati jeupe, kama anakwenda ofisini!"

"Na kuku?" Kiherehere aliuliza, bado akihema.

"Kuku haendi popote."

Kiherehere aliruka juu, nusura aiangushe kamera. Kaka aliidaka.

Jioni mama na watoto wake walitandaza chandarua juu ya trei na kukifunga kwa kamba. Walipomaliza, mama alimvuta binti yake karibu.

"Mwanangu, mimi nilimhukumu kuku kabla ya kuona. Wewe ulibadilisha kazi ya kaka yako kabla ya kuuliza. Haraka yetu nusura imponze asiye na kosa. Usichokielewa, uliza kwanza. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema, maana kosa lililofichwa hakuna fundi wa kulitengeneza."