Nani Amekuombea Kibali?

Asubuhi hiyo Tecla alichuma chai bila utulivu. Mikono ilifuata majani mawili na kichipukizi kama kawaida, lakini mawazo yalikuwa kwa binti yake. Chepngetich alikuwa muuguzi katika hospitali ya misheni. Ijumaa angeacha kazi hiyo. Wiki iliyofuata angepanda ndege kwenda Uingereza, kuuguza wagonjwa wa huko.

Kwenye kituo cha kununulia chai, wanawake walikuwa wameketi kando ya vikapu vyao wakingoja lori la kiwanda.

"Mama wa London amefika," alisema Phelis. "Mpisheni. Karibuni hatatusalimia."

"Nitawasalimia kwa Kiingereza," Tecla alijibu.

"Kile cha ngumbaro, darasa la watu wazima? Basi tutakisikia sote."

Wanawake walicheka, na Tecla naye akacheka. Mmoja tu hakucheka. Huyo alikuwa Sista Mellen, jirani yake, muuguzi wa zahanati. Zamani Mellen alifanya kazi Botswana kwa mkataba, kisha akarudi nyumbani.

"Mama Chepngetich," alisema akisogea karibu, "nani amemwombea mtoto kibali cha kazi?"

"Nicholas, rika la baba yake."

"Nicholas ana hospitali?"

"Hospitali aitoe wapi? Hata ng'ombe wake akiugua anakimbilia kwetu."

"Basi hawezi kumwombea. Sikiliza, mama. Kibali cha kazi kinaombwa na mwajiri. Hospitali inayomtaka Chepngetich ndiyo inakwenda kwa serikali ya kwao. Inasema, tunamhitaji muuguzi huyu, ana ujuzi huu, tutampa kazi hii na mshahara huu. Serikali ikikubali, kibali kinatoka kwa jina lake na kwa kazi hiyo. Ndipo anasafiri. Akitaka kuhamia kwa mwajiri mwingine, huyo mwingine naye lazima aombe. Mimi niliondoka hapa kibali kikiwa mkononi."

"Nicholas anasema ataingia kama mtu wa kutembea tu. Mengine yatatengenezwa hukohuko."

Mellen alitikisa kichwa. "Viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi. Akishikwa, atarudishwa. Asiposhikwa, ni mbaya zaidi. Wanaweza kumwambia afagie badala ya kuuguza. Wanaweza kumnyima mshahara. Atawashtaki wapi, na yeye mwenyewe anajificha? Pasipoti yake iko wapi sasa?"

"Kwa Nicholas. Pamoja na cheti chake."

"Nakala ya cheti?"

"Chenyewe."

"Mtu wa kati kama Nicholas apewe nakala tu, mama, na hata hiyo kwa sababu maalumu. Cheti ni mikono ya mtoto."

Lori lilifika. Karani alipima chai ya Tecla na kumtajia kilo zake. Tecla hakumsikia. Hasira ilikuwa imemjaa masikioni.

Nyumbani alimkuta mume wake, Kipkorir, akikamua.

"Baba Chepngetich, hospitali ya mtoto inaitwaje?"

"Nicholas anajua."

"Wewe hukumwuliza?"

"Nimwulize bakule?" Kipkorir aliinua uso kwa mshangao. "Tuliingia menjo pamoja. Mtu hamhoji mwenzake wa menjo kama polisi."

Tecla aliijua desturi hiyo. Wanaume waliotahiriwa pamoja na kukaa katika kibanda kimoja, ndicho menjo, huitana bakule na ni ndugu hadi kufa. Neno la mmoja halitafutiwi shahidi. Nicholas aliwahi kuchukua dume la ng'ombe la Kipkorir kwa kulima, na Kipkorir hakuuliza litarudi lini. Cheti cha binti yake alikitoa vivyo hivyo.

"Desturi yenu ni nzuri," Tecla alisema. "Lakini yeye ameifanya kitambaa cha kukufunga macho. Alijua hutauliza. Ndiyo sababu alikuja kwako, asiende hospitalini kwa Chepngetich mwenyewe. Mtoto mwenye akili zake, mwenye kazi yake, anauzwa kwa heshima ya baba yake."

Maziwa yalikwisha zamani katika chuchu, naye Kipkorir bado alikuwa akikamua.

Alhamisi jioni Nicholas alikuja kupanga safari. Chepngetich naye alikuwa amerudi nyumbani. Tecla alimmiminia mgeni mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, akangoja anywe, kisha akaketi mbele yake.

"Shemeji, hospitali inaitwaje?"

Nicholas alimtazama Kipkorir, si Tecla. "Bakule, siku hizi mama ndiye anauliza?"

"Mjibu," alisema Kipkorir.

"Ni hospitali kubwa. Watamwambia akifika."

"Na kibali cha kazi?" aliuliza Chepngetich.

"Binti yangu, kibali ni cha watu wasio na watu. Wewe uko na mimi."

"Pale uwanja wa ndege nitaulizwa nimekuja kufanya nini. Niseme nini?"

"Sema umekuja kutembelea shangazi."

"Shangazi gani?"

"Yuko. Jina lake utapewa, ulikariri vizuri."

Kipkorir aliweka kibuyu chini. "Nicholas. Tulipokuwa menjo tulifundishwa kwamba mtoto wa mwenzako ni mtoto wako. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Wako wa kuzaa ungemfundisha uongo huu, umpeleke kwa mwajiri usiyemjua jina?"

Nicholas aliangalia mlango. Aliangalia kikombe. Mwisho akasema, "Mimi ni wa kupeleka tu. Watu wa Nairobi wananilipa kwa kila mtu. Hayo mengine siyajui."

"Hujui," alisema Tecla, "na ulimwambia aache kazi."

"Pasipoti na cheti viko wapi?" aliuliza Kipkorir.

"Nyumbani. Nilikuwa nivipeleke Nairobi kesho."

"Twende sasa."

Wanaume wawili walitoka. Kipkorir aliporudi, alimkabidhi Chepngetich pasipoti na cheti mkononi. Ijumaa Chepngetich alivaa sare yake, akaenda zamu kama siku zote.

Tamaa ya kwenda haikumtoka, wala Mellen hakumkataza. Alimwonyesha njia. Chepngetich mwenyewe aliomba kusajiliwa na baraza la wauguzi la Uingereza. Mwenyewe aliandikia hospitali yenye jina na anwani. Ilichukua zaidi ya mwaka. Hospitali ilipomkubali, ilimwombea kibali. Alisoma mkataba wote pamoja na Mellen: kazi gani, saa ngapi, mshahara gani, nauli ya nani. Baada ya hapo ndipo alipoaga kazi yake ya misheni.

Alipofika Uingereza, alipiga simu posta ya nyumbani siku waliyopatana. Tecla alishika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Walikuuliza umekuja kufanya nini?"

"Waliniuliza, mama. Nikasema nimekuja kuuguza. Wakatazama kibali, wakagonga muhuri."

"Basi?"

"Basi. Nikapita."

Tecla alitoka posta akiwa na furaha. Lakini njiani hasira ilimrudia, kwa ajili ya mabinti wengine ambao wakati huohuo, katika nyumba fulani, walikuwa wakikaririshwa jina la shangazi asiyekuwepo. Aligeuza njia, akaelekea kwa mke wa Nicholas, amwulize pasipoti za mabinti gani wengine ziko nyumbani mwao.