Mgongo wa Mama Kageha

Kila jioni, akishavua sare ya shule na kuikunja vizuri, Wayua alitumwa sukuma wiki kwa Mama Kageha. Hakungoja kuambiwa mara mbili. Meza ya Mama Kageha ilikuwa njia panda ya Kabiro, hatua chache tu kutoka ploti walimopanga, na isitoshe binti yake, Kageha, alikuwa rafiki wa Wayua wa kufa na kuzikana. Walikuwa darasa la sita, dawati moja, na hata kifutio walikigawana. Mama Kageha aliikata mboga nyembamba kama uzi, akaifunga kwenye gazeti, kisha akaongeza majani mawili matatu juu. "Msalimie mama yako," alisema kila siku, "na umwambie asiipike sana." Mboga hiyo aliilima mwenyewe kule Silanga, Kibera, kando ya bwawa, akaibeba kichwani kwa miguu mpaka hapo Kabiro, Kawangware.

Mwaka huo, miaka kumi na mitano hivi baada ya uhuru, Kabiro ilipata jambo jipya. Bwana Nashon, mzee mfupi mwenye miwani mizito, alianza kuwafundisha watoto kuandika sinema. Zamani alikuwa akiandika zile sinema za afya zilizoletwa na gari la sinema, watu wakaketi nyasini kuzitazama bure. Sasa kila Jumamosi asubuhi aliwakusanya watoto katika ukumbi wa kanisa, na aliwaahidi kwamba mswada utakaoishinda mingine yote utapigwa picha na kuonyeshwa uwanjani. Ahadi hiyo ilimkosesha Wayua usingizi. Alikwisha kuliona jina lake kwenye kile kitambaa cheupe.

Mwanzoni alikuwa anaharibu karatasi tu. Siku moja aliandika, "Mama ana huzuni." Bwana Nashon akavua miwani.

"Huzuni ina rangi gani, Wayua?"

"Sijui, mwalimu."

"Basi mwenye kamera atapiga picha ya nini? Niandikie kile ambacho jicho linaona na sikio linasikia. Mengine yote achana nayo."

Wayua akafuta, akafikiri, akaandika: "Mama anapakua chakula. Anaisukuma sahani kando. Anatazama mlango." Bwana Nashon aliisoma mara mbili, akasema, "Sasa naiona hiyo huzuni." Kuanzia hapo kichwa cha Wayua kikavimba, na Kageha akawa anamtania kwamba siku hizi hata salamu anazitoa kwa mapozi.

Mada ya mashindano ilikuwa magonjwa ya tumbo. Wayua alikaa na penseli mpaka akaitafuna ncha. Ndipo akakumbuka Jumapili iliyopita, alipokwenda Silanga kumtembelea shangazi yake. Akiwa juu njiani alimwona Mama Kageha chini kando ya bwawa, ameinama, ana karai. Hakusimama, alipita tu na zake. Lakini sasa, penseli mkononi, alijiona ameokota dhahabu. Akaandika bila kupumzika:

NJE. KANDO YA BWAWA. ASUBUHI.
Mama mmoja aliyejifunga kitambaa cha buluu chenye tundu ameinama. Akala yake ya kushoto, kiatu cha mpira wa gurudumu, imefungwa kwa waya. Anachovya sukuma wiki katika maji machafu, anaitikisa, anaijaza karaini.
MAMA: Nani ataniona? Watakula tu.

Jina hakuandika. Alijiambia kwamba kwa kuwa hakuna jina, hakuna aliyetajwa.

Jumamosi ya kusoma miswada, wazazi walialikwa. Mama Kageha naye alikuja, akaketi nyuma na karai lake chini ya benchi, maana angetoka hapo kwenda mezani kwake. Wayua alisoma kwa sauti ya kujiamini. Alipofika kwenye kitambaa chenye tundu, watu wakaanza kunong'ona. Alipofika kwenye akala yenye waya, mwanamke mmoja, Mama Wagaki, aligeuka nyuma waziwazi. Ukumbi mzima ukageuka naye.

Mama Kageha alikuwa amevaa kitambaa kile kile. Alivuta karai, akasimama, akatoka, na ile akala ikawa inagonga sakafu kwa waya wake mpaka mlangoni. Kageha alimtazama Wayua mara moja tu, kisha akamfuata mama yake.

Watu walipiga makofi, lakini Wayua hakuyasikia. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na karatasi zake.

Nyumbani mama yake Wayua, aliyekuwa akisuka vyondo vya kuuza, aliweka chini kiondo na kuitoa mboga ya jana iliyobaki. "Wayua, yule ni Mama Kageha, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulimwona kwa macho yako akiosha mboga bwawani?"

Hapo ndipo angesema kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa, alichotakiwa ni kuingia tu. Lakini alisema, "Ndiyo, mama, nilimwona." Mama akaimwaga mboga yote jalalani, na Wayua akasimama pale akiitazama.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Meza ya Mama Kageha ilijaa mboga mpaka jioni, ikanyauka. Wanawake walipita mbali, wakaenda kununua mtaa jirani wa Riruta. Shuleni Kageha alihamia dawati la nyuma. Kila Wayua alipoinua macho kumtafuta, uso wake mwenyewe ulimwaka moto akaurudisha daftarini. Siku ya Jumatano alipiga moyo konde, akamfuata Kageha bombani wakati wa mapumziko.

"Kageha, mbona huniongeleshi?"

"Nikuongeleshe nini, usije ukaniandika?" Kageha alijaza kikombe chake polepole. "Mama anasema biashara ikiendelea hivi, mwisho wa mwezi ananirudisha kijijini Maragoli kwa nyanya yangu. Nitafanyia mtihani huko." Akanywa maji, akaenda zake.

Wayua hakula chakula cha mchana. Alhamisi baada ya shule alikwenda nyumbani kwa Bwana Nashon, akamkuta nje akigongomea kiti kilichovunjika mguu.

"Mwalimu, naomba mswada wangu usipigwe picha."

"Ndio unaoongoza. Kwa nini?"

Wayua alitazama misumari. Bwana Nashon akaweka nyundo chini.

"Siku ile bwawani ulisimama wapi?" aliuliza.

"Juu, njiani."

"Haya. Weka kamera pale pale uliposimama. Inaona nini?"

"Inamwona mama ameinama."

"Upande gani?"

Sauti ya Wayua ilikuwa ndogo. "Mgongo."

"Sukuma wiki inaiona?"

"La, mwalimu."

"Yale maneno yake, inayasikia?"

Wayua akatikisa kichwa, machozi yakamtoka. Bwana Nashon akampa penseli na kipande cha karatasi. "Basi andika ilichoona." Wayua akaandika: "Mama ameinama kando ya bwawa, ana karai. Tunaona mgongo wake." Akatafuta la kuongeza, hakulipata. Karatasi nzima, mistari miwili.

"Kutunga si kosa," Bwana Nashon alisema. "Ndiyo kazi yetu. Lakini ulichukua kitambaa cha mtu aliye hai na akala yake, ukamvika uongo, kisha ukawaambia watu umeuona. Na mimi nina aibu yangu, Wayua. Swali hili ningekuuliza kabla hujasimama mbele ya watu. Nilipenda uandishi wako mpaka nikasahau kukuuliza."

Jioni hiyo Wayua alimweleza mama yake yote, pamoja na ule uongo uliopeleka mboga jalalani. Mama hakumpiga. Angepigwa angeona afadhali. Mama alisuka kiondo chake mpaka kamba ikaisha, ndipo aliposema, "Na mboga ya yule mama niliimwaga kwa mikono yangu. Jumamosi kukipambazuka tunakwenda Silanga, wewe ukiwa mbele."

Walimkuta Mama Kageha pale pale, kando ya bwawa, ameinama, mgongo ukiwatazama. Ilikuwa picha ile ile. Lakini safari hii Wayua aliteremka kutoka njiani, akakanyaga matope, akazunguka mpaka mbele yake.

Mama Kageha alikuwa anaosha miguu na jembe. Karai lilikuwa na samadi. Mboga ilikuwa mbali, juu penye ukavu, ndani ya gunia safi.

"Hujambo, Wayua," alisema bila kuinuka. "Umekuja kuandika?"

"Nimekuja kuomba msamaha, mama. Sikukuona ukiosha mboga. Nilikuona mgongo tu. Hayo mengine niliyatunga."

Mama Kageha aliendelea kusugua jembe. "Karai hili ni la samadi," alisema hatimaye. "Nikimaliza kuitandaza shambani nalisugua kwa majani na mchanga. Likifika Kabiro ni la kukalia tu. Mboga haijawahi kuingia humu tangu nilinunue." Akainuka, akachukua gunia na ndoo, akawaongoza hadi kwenye kioski cha maji. Walipanga foleni pamoja naye, ndefu, na jua likatoka wakiwa bado wanangoja. Aliosha sukuma kwa maji ya bomba, fungu baada ya fungu, na Wayua akamshikia ndoo. Hakusema amesamehe, na Wayua hakuthubutu kuuliza.

Saa nne wote watatu walikuwa ukumbini, ambako wazazi walikuwa wamealikwa tena. Wayua alisimama mbele ya watu wale wale, akawaambia kwamba mswada wake wa kwanza ulikuwa wa uongo na kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Kisha akasoma wa pili, aliouandika Ijumaa na kuumalizia kwenye foleni ya maji. Ndani yake kulikuwa na msichana anayepita njiani, anayetazama mara moja, anayekwenda kuandika. Kulikuwa na meza iliyojaa mboga iliyonyauka. Kulikuwa na mama mwingine anayemwaga chakula kizuri jalalani, na mama yake Wayua akainamisha kichwa aliposikia hilo. Onyesho la mwisho lilikuwa fupi:

NJE. KANDO YA BWAWA. ASUBUHI.
Msichana anateremka. Anazunguka. Kwa mara ya kwanza tunauona uso wa yule mama.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama yake Wayua ndiye aliyeinuka kwanza, akamwendea Mama Kageha aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwambia kwa sauti ya kusikika, "Leo nipe mafungu mawili." Wengine wakafuata. Mama Wagaki hakufuata, na mpaka leo ananunua Riruta, lakini mwisho wa mwezi ulipofika Kageha hakupelekwa Maragoli. Jumatatu iliyofuata Jumamosi hiyo alirudi kwenye dawati lao, akakata kifutio katikati, akasukuma nusu upande wa pili.

Jumamosi iliyofuata mshindi alitangazwa: mvulana aitwaye Gichuru, kwa mswada wake wa nzi na chandarua cha kufunikia chakula. Wayua alipiga makofi kwa moyo mmoja.

Jioni hiyo alitumwa sukuma wiki. Alisimama mbele ya meza akiwa ameangalia chini. Mama Kageha alikata mboga nyembamba kama uzi, akaifunga kwenye gazeti.

"Niangalie, Wayua."

Wayua akainua macho.

"Mimi sikatai kuandikwa. Kitambaa kina tundu, ni kweli, na akala ina waya. Hayo uliyaona, na ulikuwa na haki ya kuyaandika. Lakini kabla hujaandika habari za mtu, zunguka kwanza, umwone uso na umuulize. Ukiona haya kumuuliza, basi huna ruhusa ya kumsema."

"Nimesikia, mama."

Mama Kageha akaongeza majani mawili matatu juu. "Msalimie mama yako," alisema, "na umwambie asiipike sana."