Nne Nukta Mbili

Jumatatu, saa 1:36 asubuhi, nesi wa chanjo alifungua friji ya stoo ya kliniki, akaingiza mkono, akautoa haraka kama aliyegusa kitu cha mtu. Chupa zilikuwa na joto la chumba. Baridi hakuna, hata ya kusingizia. Ukutani, skrini ya mashine ya kupima joto ilisoma 19.4, na king'ora kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kulia, baada ya kila kitu kuharibika.

Saa 2:15 fundi alikuwa amefika. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa miezi tisa aliyemwacha kwa jirani, na cheti cha masomo ya jioni alichokuwa bado anatembea nacho mkobani, asije akaulizwa. Mashine ile ilikuwa kazi yake. Ndani yake mlikuwa na kompyuta ndogo ya kibao kimoja, saizi ya kiganja, aina ambayo karakana aliyofanyia kazi ilikuwa haijawahi kuitumia. Kibao hakikujua kuzungumza na poti yake ya siriali, lile tundu ambamo waya wa kipimajoto huingia. Fundi ndiye aliyekiandikia draiva, programu ya kukifundisha kusikiliza tundu hilo. Ilimchukua wiki tatu. Wenye digrii pale karakana walisema ingechukua miezi.

"Sitaki mpelelezi wa nje," Meneja wa kliniki alisema akifunga mlango wa ofisi. "Chanjo ya miezi miwili imekwenda. Mashine inaandika kila dakika, na wewe ndiye unayejua kuisoma. Nataka jina kabla ya saa nane. Makao makuu watapiga simu."

Fundi alifungua rekodi kwenye laptop. Saa 1:31 asubuhi: 4.2, baridi inayotakiwa. Halafu pengo la dakika nne. Saa 1:35: 19.4.

"Friji haipandi digrii kumi na tano kwa dakika nne," alisema. "Hata uiweke juani."

"Kwa hiyo?"

"Kuna mtu aliizima mashine, akaiwasha tena."

"Kuficha jambo."

"Rekodi haidanganyi," fundi alisema. Aliipenda sentensi hiyo. Aliwahi kuisema mbele ya wageni, siku ya kuionyesha mashine.

Ufunguo wa stoo walikuwa nao watu watatu: nesi, mtunza stoo na mlinzi. Nesi aliingia leo mashine ikiwa imeshawashwa upya, kwa hiyo fundi alianza na mlinzi, ambaye kila mtu alimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Wikendi uliingia stoo?"

"Nifuate nini, sindano? Mimi sindano naziogopa, muulize mke wangu."

"Birika lako la umeme unachomeka wapi?"

"Hapa kibandani. Fuata waya kama huniamini, dada."

Aliufuata. Uliishia hapohapo, kwenye soketi ya kibanda.

"Hukuona jambo lolote la tofauti?"

"Ijumaa jioni umeme ulipiga. Taa zikafumba na kufumbua mara mbili, feni ya mapokezi ikanguruma kama lori. Saa 10:12, nimeandika kitabuni. Mimi naandika kila kitu, hata paka akipita."

Fundi alirudi stoo akapiga magoti nyuma ya friji. Kisanduku cha kuikinga na umeme mkubwa kilikuwa kimekata umeme, taa yake nyekundu. Lakini kisanduku hakiandiki saa. Kama kilikata Ijumaa, friji ilipaswa kuanza kupata joto Ijumaa ileile, na rekodi ilisema 4.2 mpaka leo asubuhi. Wazo likamjia, zuri, limekamilika: mtu aliikuta friji imekufa, akakitoa kipimajoto humo, akakiweka ndani ya chupa ya barafu ili kisome baridi, na leo akakirudisha mahali pake.

Mtunza stoo alikuwa mama wa makamo aliyefanya kazi pale miaka ishirini na miwili. Kliniki nzima ilimwita Mama Stoo.

"Mama, leo asubuhi ulizima mashine?"

"Nilizima."

Fundi hakutarajia jibu lije kirahisi hivyo. "Kwa nini?"

"Niliingia saa moja na nusu. Sikusikia friji ikinguruma, na mashine inasema nne nukta mbili. Nikaona imekwama. Si wewe ulinifundisha, mwanangu? Ikikwama, chomoa, hesabu hadi kumi, chomeka."

"Nilisema unipigie kwanza."

"Hukusema."

Hakusema. Alijua kwamba hakusema, na bado aliandika kwenye karatasi: *alizima bila ruhusa*. Kisha akaenda kwa Meneja, akamweleza habari ya chupa ya barafu mbele ya mama mwenyewe. Meneja alisikiliza, akageuka.

"Mama, kusanya vitu vyako. Saa nane uniletee funguo."

Mama Stoo alimtazama fundi, hakumtazama Meneja. Akatoka.

Ilibaki kuchukua maelezo ya nesi, ili karatasi zitimie. Nesi alikuja na daftari lake.

"Jumamosi saa 3:50 asubuhi nilichanja watoto kumi na mmoja. Hawa hapa, na namba za simu za mama zao."

"Kwa chanjo ya friji hii?"

"Kuna nyingine? Nilishikilia kifuniko dakika mbili nzima nikihesabu chupa."

"Hukusikia joto?"

"Nilivaa glavu. Na skrini ilisema nne nukta mbili. Si nyinyi mliotuambia tuamini skrini?"

Fundi alirudi kwenye laptop. Jumamosi, saa 3:50: 4.2. Saa 3:51: 4.2. Saa 3:52: 4.2. Alipanda juu, wiki zilizopita, ambako kila kifuniko kilipofunguliwa namba zilipanda, zikashuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Akashuka tena. Tangu Ijumaa saa 10:12 jioni hadi leo saa 1:31, karibu mistari elfu tatu na mia nane, namba haikutikisika hata nukta moja. Barafu gani hutulia hivyo? Barafu ingeyeyuka siku ya kwanza. Na hakuna mkono wa mtu uliofika pale.

Uso ulimwaka moto kabla akili haijamaliza kufikiri. Alifungua draiva yake, akashuka hadi chini. Mistari minne ilikuwepo palepale alipoiacha.

Ilikuwa saa 7:20. Kuifuta ni kazi ya sekunde tano, na hakuna mwingine kwenye jengo lile ambaye angejua kuitafuta. Kupitia ukuta mwembamba alimsikia Mama Stoo akivuta droo, akiweka vitu kwenye boksi kimoja kimoja: kikombe, kandambili, kioo cha mkononi. Alifanya taratibu, kama mtu anayeogopa kuonekana amebeba cha kliniki. Daftari la nesi lilikuwa bado wazi mezani. Majina kumi na moja, na mbele ya kila jina alama ya vema.

Saa nane kasoro dakika tano walikuwa wote ofisini. Redio alisimama mlangoni, kitabu chake kwapani. Mama Stoo aliweka funguo mezani.

"Jina," Meneja alisema, kalamu mkononi.

"Andika langu."

Kalamu haikusogea.

"Umeme ulipopiga Ijumaa, kisanduku kilikata friji, na kipimajoto nacho kiliganda," fundi alisema. "Hakikutuma tena kitu kwenye poti. Mashine ilipaswa kulia palepale. Haikulia, kwa sababu draiva yangu ina mistari minne inayosema: poti ikinyamaza, rudia namba ya mwisho. Ndiyo ile nne nukta mbili. Mama alipochomoa na kuchomeka, kipimajoto kiliamka, tukaona ukweli. Yeye ndiye aliyetufumbua macho. Bila yeye tungechanja na leo."

"Mistari hiyo uliiweka ya nini?"

"Siku ya kuonyesha, poti ilikuwa inakatika kila baada ya dakika chache. Wageni wanasubiri chini, bosi wangu ananiuliza, iko tayari? Niliona aibu kusema bado. Wote pale wana digrii, mimi nina cheti cha jioni. Nikaandika mistari minne, namba zikatulia, wakapiga makofi. Tatizo la kukatika nilikuja kulirekebisha. Mistari sikuitoa. Sikusahau. Niliiona mara mbili. Niliona aibu kuomba kurudi kugusa mashine iliyokwisha kusifiwa."

"Umejua tangu saa ngapi?"

"Saba na ishirini."

Meneja alitazama saa ya ukutani. "Dakika thelathini na tano. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namtafuta mtu mwingine."

Kisha Mama Stoo akavuta kiti, akakaa.

"Barafu," alisema polepole. "Nimekaa kule nakusanya vikombe nikijiuliza, mimi barafu ningeitoa wapi."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Lakini siyo leo."

Meneja alizisukuma funguo kumrudishia Mama Stoo upande wa pili wa meza. Kwa fundi alisema kwamba angempigia bosi wake jioni, na kwamba asitegemee kuwekewa maneno matamu. Fundi aliitikia kwa kichwa. Kisha akaomba daftari la nesi, na simu ya ofisi.

"Hiyo ni kazi yetu," nesi alisema.

"Najua. Niacheni mimi niwapigie."

Alikosea namba ya kwanza mara mbili. Mama Stoo alimwangalia, akashusha pumzi, akavaa miwani. Akalivuta daftari upande wake, akaanza kumsomea tarakimu moja moja, naye akabonyeza.

Upande wa pili palikuwa na sauti ya kike, na nyuma yake mtoto akigonga sufuria.

"Wewe ni nesi?"

"Hapana. Ni fundi wa mashine ya friji ya chanjo. Chanjo aliyopata mwanao Jumamosi huenda ilikuwa imeharibika, lazima daktari amwone, huenda akachanjwa upya. Kosa siyo la kliniki. Ni langu."

Sufuria iligongwa tena, mara tatu, kwa furaha. Fundi alifumba macho akangoja atukanwe.

"Tuje saa ngapi?" mama yule aliuliza.