Mafua Yale Yale, Ndugu Wawili

Ndugu wawili walifanya kazi katika karakana moja ya useremala. Kaka mtu aliitwa Tingatinga. Alibeba mbao nzito begani kama mtu aliyebeba mwavuli. Mdogo wake aliitwa Kijiti. Huyo, watu walitania, upepo ukivuma lazima ashikwe mkono.

Msimu wa mafua makali ulipofika, wote wawili waliugua. Kijiti alipiga chafya, akalala, akaamka na kurudi kupiga randa. Tingatinga alizidiwa. Homa ilipanda, pumzi zikawa za shida. Mama yao na Kijiti walimkimbiza hospitali. Akawekewa oksijeni.

Mtaani maneno yakaanza.

"Kijiti apone, Tingatinga aanguke? Hapo kuna mkono wa mtu," alisema jirani mmoja.

Mwingine akacheka. "Kumbe lile pande la mtu ni debe tupu!"

Mama aliyasikia, yakamchoma. Hata Kijiti aliona haya kuwa mzima.

Tingatinga alipopata nafuu, alimuuliza daktari kwa sauti ndogo, "Daktari, kumbe mimi ni dhaifu?"

Daktari, mama wa makamo, alivuta kiti. "Nani kakwambia, mwanangu? Umepigana vita vikubwa." Kisha akamgeukia mama yao, aliyesimama na Kijiti kando ya kitanda. "Mama, katika ukoo wenu yuko mwingine aliyewahi kuzidiwa na mafua hivi?"

Mama akafikiri. "Baba yangu mzazi. Mtu wa miraba minne! Mafua ndiyo yaliyomwondoa. Na kaka yangu aliponea chupuchupu."

"Umenisaidia sana. Sasa sikilizeni. Kila mtu hurithi vitu kutoka kwa wazazi wake. Hurithi kimo, hurithi sura. Hurithi pia namna mwili unavyopambana na virusi. Virusi wakiingia, mwili hupiga kengele ili kinga iamke. Kwa wengi, kengele hulia mapema. Kwa wachache, kwa sababu ya urithi, huchelewa. Ikija kulia, virusi wameshatapakaa. Nguvu za mikono hazihusiki hapo."

"Mbona sisi ni baba mmoja, mama mmoja?" aliuliza Kijiti.

"Kila mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama. Lakini nusu hizo hazifanani kwa kila mtoto. Ndiyo maana kaka yako ni mrefu, nawe..."

"Sema tu, Daktari, mimi ni mfupi!"

Wakacheka wote, hata mgonjwa.

Mama hakucheka sana. "Kwa hiyo ni mimi niliyempa?"

"Huenda. Tutapima damu tujue. Urithi si sababu pekee. Umri na maradhi mengine nayo huchangia. Lakini kama ni wewe, basi ndiwe uliyempa na moyo huo wa simba. Hakuna anayechagua cha kurithisha. Hilo si kosa, si aibu, wala si uchawi."

"Basi tufanyeje?"

"Achanjwe kila mwaka. Chanjo huifundisha kinga kumjua adui kabla hajafika. Akipata homa, aje siku hiyo hiyo. Dawa tunazo, nazo hufaa zaidi zikiwahi. Na wewe Kijiti, uchanjwe pia. Anayeugua kidogo anaweza kumwambukiza atakayeugua sana."

Majibu ya damu yalipotoka, yalionyesha kwamba daktari alikisia sawa. Tingatinga hakuyaficha. Kabla ya msimu mwingine wa mafua, alisimama katikati ya karakana. Misumeno ikanyamaza.

"Jamani, kinga yangu huchelewa kuamka. Nimezaliwa hivyo. Huenda na mmoja wenu yuko hivyo, ila hajui. Mimi na mdogo wangu tunakwenda kuchanjwa. Nani anafuatana nasi?"

Kisha fundi wa kupaka vanishi akavua aproni. "Twende! Nani anaogopa sindano humu?" Mafundi wote wakatoka.

Msimu ulikuja, na Tingatinga akapata homa. Hakungoja. Asubuhi hiyo hiyo alikwenda hospitali, akapewa dawa, akapumzika nyumbani. Safari hii hakuhitaji oksijeni. Haukupita muda, akarudi kazini.

Siku hiyo mama alipita karakana. Aliwakuta wanawe wakiinua kabati kubwa, mmoja huku, mwingine kule. Mteja akamuuliza, "Mama, yupi mwanao kati ya hawa?"

Mama aliinua kidevu. Alijibu kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

"Wote wawili!"