Hakuna Aliyeuliza Kaburi

"Jacklyne, mbona leo umevaa nyeusi tupu?"

Jacklyne aligeuka kutoka kwenye kioo, akatabasamu.

"Kuna rafiki tulimpoteza, mami. Leo tunakutana tao, mkahawani, kumkumbuka."

"Pole sana. Namjua?"

"Humjui vizuri." Akaweka bakuli la uji karibu na kitanda. "Kunywa hii ikiwa moto. Na usijaribu kutembea."

Zilikuwa zimepita wiki sita tangu pikipiki imgonge Debra pale Adams Arcade, akavunjika mguu na kuumia kichwa. Daktari alipiga marufuku simu mpaka kichwa kitulie, na Jacklyne akamfichia yake kabatini. Ndiye aliyemtoa hospitalini akamleta kwake Muthangari, akamlisha, akamwogesha, na hata salamu za mama yake Debra zilipitia simu ya Jacklyne. Wala hawakuwa ndugu! Walijuana kwenye Wino wa Jioni, kundi la waandishi mtandaoni. Debra akiweka hadithi, Jacklyne ndiye wa kwanza kumwaga mioyo na makofi. Kundi la watu elfu nne, na aliyefika wodini alikuwa mmoja tu. Ungekuwa wewe, ungesema nini? Debra alisema amepata dada.

"Lenox bado hajapiga?"

Aliuliza hivyo kila asubuhi. Lenox alichimba visima huko Lodwar na kuandika mashairi kundini. Kwa miezi minane walipendana kwa simu, na walikuwa waonane kwa mara ya kwanza mwezi uleule wa ajali.

"Hajapiga, mami. Hata kuuliza hajauliza. Sahau huyo mtu."

Debra alimeza machozi. Jacklyne alimbusu kwenye paji la uso, akatoka, kisha ufunguo ukazunguka mlangoni kwa nje. Usalama, ndivyo alivyozoea kusema.

Nusu saa haikuisha, mlango ukagongwa.

"Hodi! Kuna mtu?"

"Nani?"

"Wewe ni nani huko ndani?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Debra."

"Debra wa Wino wa Jioni?"

"Ndiyo. Nani anauliza?"

Kule nje mtu akasema "Mungu wangu!" akaanza kulia.

"Ni mimi, Ajwang."

Debra alikunja uso. Mwalimu Ajwang alikuwa mkosoaji wa kundi, mama asiyejua kupaka mtu mafuta. "Sura ya tatu imelala, iamshe." "Huyu msichana wako halipi nyumba, hafanyi kazi, anaishi wapi?" Debra alishawahi kumwambia Jacklyne kwamba yule mama anamchukia.

Mwalimu alimwita Makau, mwangalizi wa ploti, mwenye funguo za akiba, akaufungua mlango. Alipomwona Debra kitandani alirudi nyuma hatua nzima.

"Madam, pole. Jacklyne aliniambia hii nyumba haina mtu."

Mwalimu Ajwang aliingia, akamshika Debra mkono, akaubinya, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko.

"Mwalimu, mbona unanishika hivyo?"

"Nataka kuhakikisha. Debra, kule kundini wewe ulikufa. Umekufa wiki tano sasa."

"Ati nini?"

"Tangazo lenyewe nililipiga picha kabla hawajanitoa kundini. Usiangalie simu, nitakusomea." Akavaa miwani. "'Kwa moyo uliopondeka nawatangazia kwamba kipenzi chetu Debra ametuacha. Familia imemzika faraghani. Tumuage kwa maneno yetu.' Aliyeandika ni Jacklyne. Chini yake kuna rambirambi elfu moja na ushee."

Debra alijiinua kwa viwiko.

"Na wote waliamini?"

"Waandishi hao! Waliona huzuni tamu, wakachukua kalamu. Mimi nilitafuta siku ya mazishi, sikuiona. Hakuna jina la baba, hakuna mama, hakuna kwao. Nani anazikwa Kenya hii bila kutajwa kwao? Nikauliza tu, kaburi liko wapi nimpelekee maua? Dakika tano, nimetolewa kundini. Jana nikaenda kazini kwako Upper Hill. Wakanishangaa, wakasema uko likizo ya ugonjwa kwa rafiki yako, wakanielekeza hapa."

"Lenox anajua nini?"

Mwalimu alivua miwani polepole.

"Anajua umekufa. Jacklyne amekuwa akimfariji. Rafiki aliyebaki kundini ameniambia leo ametoka Lodwar kwa sababu ya mkutano. Debra, huo mkutano wa tao ni wako."

Debra aliutazama uji. Alikuwa ameunywa nusu. Akausukuma mbali, maana ghafla hakutaka chochote kilichopikwa ndani ya nyumba ile.

"Mwalimu, nipe magongo yangu."

Walipofika ghorofani kwenye ule mkahawa wa katikati ya jiji, Lenox alikuwa amesimama mbele akisoma. Jacklyne ameketi kando yake, kitambaa mkononi.

"...na sauti yako, Debra, sitaisikia tena."

"Utaisikia," Debra akasema kutoka mlangoni.

Kiti kilianguka. Mtu alipiga yowe. Karatasi zikamtoka Lenox mikononi, na Jacklyne akasimama wima.

"Debra! Unajua hufai kutembea! Nilikuwa nikwambie..."

"Uniambie nimekufa?"

"Nani alikulisha?" Jacklyne alipaza sauti. "Nani alikuogesha? Hawa wote walikuwa wapi?"

"Walikuwa wakinililia. Wewe ndiye uliwaambia."

"Mimi ndiye nilimpenda Lenox kwanza! Kabla hujaingia kundini, mashairi yake nilikuwa nayasoma mimi! Ukaja na hadithi zako mbili, akakuona wewe!"

"Jumatatu ijayo daktari alikuwa aniruhusu simu," Debra akasema taratibu. "Hiyo Jumatatu ungenifanya nini, Jacklyne?"

Jacklyne alichukua mkoba wake akapita katikati ya watu, na hakuna aliyemgusa.

Lenox alikuja mpaka mbele yake, macho mekundu.

"Ni wewe kweli. Debra, nimekulilia kila siku. Nimekuandikia kurasa kumi."

"Nimesikia ukisoma. Ni nzuri."

"Basi twende, tafadhali. Sitaki kukuacha tena."

"Lenox, hukuuliza nilikozikwa."

Lenox aliinama kuokota karatasi zake.

"Mwalimu huyu tunagombana kila wiki, na yeye aliuliza. Wewe uliandika."

"Niliogopa," akasema kwa sauti ndogo. "Nilijua nikiliona kaburi, itakuwa kweli."

"Nakupenda bado, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Lakini leo naenda kwa mama. Mwalimu atanipeleka."

Mwalimu Ajwang alishamshika kiwiko. Walikuwa wamefika kwenye ngazi Lenox alipowafuata mbio.

"Debra! Kwenu ni wapi?"

Miezi minane alikuwa amemwuliza ndoto zake, rangi anayoipenda, hata jina atakalompa mtoto wao wa kwanza. Hilo la kwao hakuwahi kuuliza.

"Kangema," Debra akamjibu bila kutabasamu. "Ukishuka stejini, uliza kwa baba yangu, Mbugua wa ng'ombe. Mama huwa nyumbani Jumamosi."